Kofia ya jaketi huanzia shingoni

Majaketi ya mtumba yanayofika huku Njombe yana kasoro moja ambayo wengi mmeshakutana nayo. Unachambua rundo, unapata jaketi zito, zipu nzima, mifuko mizima. Ukiinua kola unakuta safu ya vifungo vya kubonyeza visivyoshika kitu, au nusu ya zipu imezunguka shingo bila mwenzake. Hapo ndipo kofia ilipokuwa. Muuzaji anakupunguzia kidogo, unalichukua, na asubuhi ya Juni unatoka nalo masikio yakiuma.

Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kipupwe kikiingia, kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi unatoka na sweta juu ya sweta. Saa saba mchana jua linawaka na unatamani kuvua kila kitu. Ndiyo maana, ninapolifumia jaketi la namna hiyo kofia mpya kwa kroshia, napenda inayofungwa na kufunguliwa kuliko ile iliyoshonewa moja kwa moja. Mchana unaifungua na kuitia kwenye mkoba. Ukipanda bodaboda unaiondoa ili helmeti ikae vizuri. Ikichafuka kwa mafuta ya nywele unaifua peke yake, jaketi linabaki kavu.

Kroshia nilifundishwa na mama yangu, kwa vitambaa vya makochi, kama wengi wetu. Kofia za majaketi nilianza misimu mitano iliyopita, na kosa nililofanya kwenye ile ya kwanza ndilo ninaloliona kwa karibu kila dada anayeniletea kazi yake nimwangalizie: tunaanza kwa kupima kichwa.

Ile ya kwanza nilimfumia mwanangu alipokuwa darasa la nne. Nilitumia uzi wa pamba uliobaki kwenye vitambaa, nikampima kichwa kama ninayefuma kofia ya kawaida, nikaishikiza kwenye jaketi kwa vifungo vitatu. Ilipendeza sana mezani. Siku ya kwanza kuivaa kulikuwa na manyunyu. Aliporudi shuleni alisimama mlangoni akiwa ameshika zipu kwa vidole viwili, akiivuta mbali na koo. "Mama, linanikaba." Nikamgeuza. Pamba ilikuwa imekunywa maji yote ya njiani, kofia imekuwa nzito na inaning'inia mgongoni, mabega ya jaketi yamevutwa nyuma, na kifungo cha katikati kimeng'oka na kipande cha kitambaa. Usiku ule niliifumua yote nikiwa na jaketi lake mapajani, na ndipo nilipoelewa kwamba kofia ya namna hii haikai kichwani. Inakaa kwenye kola. Kola ndiyo inayoibeba siku nzima, imevaliwa au imeshushwa, kwa hiyo kipimo cha kwanza ni shingo ya jaketi lenyewe.

Funga zipu hadi juu, laza jaketi, kisha pitisha futi kamba kwenye mshono unaounganisha kola na mabega, kutoka ukingo wa zipu upande mmoja hadi mwingine. Pima kwenye mshono, usipime juu ya kola, maana kola nyingi hupanuka kuelekea juu na zitakudanganya. Ukipata sentimita 50, toa 2 kila upande. Hizo mbili ni nafasi ya zipu kupita bila kula uzi, na ni nafasi ya koo kupumua. Ukanda wa kofia utakuwa na sentimita 46.

Baada ya hapo ndipo kichwa kinapoingia. Mtu akae wima akiwa amevaa jaketi. Weka futi kamba kwenye mshono wa shingo mbele, karibu na zipu, ipandishe ipite juu ya utosi na kushuka upande wa pili, bila kuikaza. Nusu ya kipimo hicho ndiyo urefu wa kofia kwenda juu. Kwa mtu mzima kwangu huwa 34 hadi 36. Kisha pima kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, uongeze sentimita chache za kulegea. Huo ndio upana wa upande mmoja, mara nyingi 26 au 27. Mwenye rasta au misuko mikubwa namwongezea 3, na anayevaa mtandio chini yake 2. Muulize kabla hujaanza. Nimeshafumua kofia nzima kwa sababu mteja alikuja kupimwa amenyoa na kuja kuchukua mzigo akiwa amesuka.

Sasa uzi. Tunaouita uzi wa sweta madukani karibu wote ni akriliki, na kwa kazi hii unafaa: haunywi maji kama pamba, unakauka haraka, ni mwepesi. Kama lebo imepotea, kata kipande kifupi ukiunguze kwa kiberiti. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Sufu ya kondoo hunuka kama nywele zinazoungua, na jivu lake husagika ukilibonyeza. Ni vizuri kujua mapema, kwa sababu sufu ikifuliwa kwa maji ya moto inasinyaa isirudi, na akriliki ikipigwa pasi ya moto inalegea moja kwa moja. Kofia moja ya mtu mzima inanilia kama gramu 200. Nunua zote siku moja na uangalie namba ya mkupuo wa rangi (uzi uliotiwa rangi kwa pamoja) kwenye lebo. Mabunda mawili ya uzi ya rangi moja lakini mikupuo tofauti huonyesha mstari dhahiri ukitoka juani.

Natumia sindano ya kroshia ya milimita 5. Fundo ninalolipenda ni la kati: unazungusha uzi mara moja kwenye sindano, unaingiza, unavuta, nyuzi tatu zinakuwa zimepanda kwenye sindano, unazipitia zote kwa mvuto mmoja. Halina matundu makubwa kama fundo refu wala si gumu kama fundo fupi. Fuma kwanza kipande cha majaribio. Kwa mkono wangu sentimita 10 ni vitanzi 14 na mistari 10; mkono wako unaweza kuwa tofauti, na hesabu zote zinazofuata zifuate mkono wako.

Kwa ukanda wa sentimita 46 naanza na vitanzi 64 na kufuma mistari minne ya fundo fupi. Ukanda lazima uwe imara. Katika mstari wa pili naacha matundu ya vifungo: kila tundu naruka vitanzi viwili na kufuma minyororo miwili juu yake. Tundu la hivyo linatosha kifungo cha milimita 18. Litaonekana dogo, liache hivyo, uzi utalegea wenyewe kwa matumizi.

Vifungo ni saba, na havigawanywi sawasawa. Kimoja kinakaa katikati ya mgongo, na kutoka hapo napima sentimita 9, kisha 18, kisha 21, kila upande. Viwili vya mwisho vinakaribiana kwa sababu mvuto wote, mtu anapogeuza shingo au upepo unapopiga, unaishia pale mbele karibu na zipu. Nilipokuwa navipanga kwa nafasi sawa, kile cha mwisho ndicho kilichong'oka kila mara. Sihesabu vitanzi kutafuta mahali pa matundu. Nakata ukanda wa boksi wenye urefu wa sentimita 46, natoboa alama zangu, nauweka juu ya kazi. Boksi hilo hilo ndilo ninalotumia kwenye jaketi, na ukilitunza utashona vifungo kwenye jaketi la pili na kofia moja itavaliwa kwenye yote mawili. Kwangu imekubali hata shingo zilipotofautiana sentimita 3.

Juu ya ukanda naingia kwenye fundo la kati. Shingo ni 46, lakini kofia ikitandazwa yote inatakiwa iwe 54, yaani 27 kila upande. Naweka alama ya uzi wa rangi katikati ya mgongo, na kwa mistari 6 ya kwanza naongeza kitanzi kimoja kila upande wa alama hiyo. Kutoka 64 nafika 76. Ongeza kisogoni tu, kwa kuwa ukiongeza pembeni ukingo wa mbele utapinda na kumfunika mtu macho. Halafu nafuma moja kwa moja bila kuongeza wala kupunguza. Mistari 6 ya mwisho napunguza, kitanzi kimoja kila upande wa alama, narudi 64. Ukiruka hatua hii na kukunja tu, kofia itakuwa na ncha kisogoni, na ncha hiyo haiondoki hata uifue mara ngapi. Mwisho nakunja mara mbili na kuunga juu kwa sindano ya mkono, nikishika uzi wa nje tu wa kila kitanzi ili mshono ulale.

Ukingo wa uso naufuma kwa sindano ndogo, milimita 4, mistari mitatu ya fundo fupi, na katika mstari wa kwanza naruka kitanzi kimoja kwa kila kumi. Unavutika kidogo ndani na kushika uso, upepo hauirushi nyuma. Kamba ya kukaza siweki, hasa kwa mtoto. Kamba shingoni mwa mtoto anayepanda miti na kukimbizana inaweza kunasa na kumkaba, na hakuna urembo unaostahili hatari hiyo.

Kuhusu upepo, tuambiane ukweli: kroshia ina matundu. Kwa Njombe mjini kofia tupu inatosha, lakini anayesubiri gari stendi ya Makambako alfajiri, au anayeishi Makete ambako nyanda za juu za Kitulo zinapata hata sakitu, ile barafu nyembamba juu ya majani, atahitaji bitana. Natumia sweta la mtumba la flisi, kile kitambaa chepesi chenye manyoya mafupi, ambalo limechakaa mikono lakini mgongo mzima. Naikunja kofia iliyokamilika, nailaza juu ya flisi, nakata kwa kuifuata na kuacha sentimita 1 ya mshono. Naishonea ndani kwa mkono, nikianzia juu ya ukanda, mishono mirefu isiyokazwa. Flisi haitanuki kama kroshia, kwa hiyo ukiikaza, kofia nzima inakuwa ngumu na matundu ya vifungo yanaanza kuvutana.

Vifungo kwenye jaketi nashona mwisho kabisa, na hapa naomba usiwe na haraka. Vishone chini ya kola, kwenye mshono wa shingo wenyewe, pale ambapo kitambaa kimekunjwa tabaka kadhaa. Kwa jaketi la mvua ni muhimu zaidi, kwa sababu kila tundu la sindano nje ya mshono ni njia ya maji. Upande wa ndani weka kifungo kidogo bapa, cha shati, na ushone vyote viwili pamoja. Hicho cha ndani ndicho kinachozuia kitambaa kisichanike kama kilivyochanika cha mwanangu. Kabla hujakaza, weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo na upitishe uzi juu yake. Ukimaliza chomoa njiti, vuta kifungo juu, zungushia uzi chini yake mara tano au sita, funga. Kifungo kitakuwa na shingo fupi, na ukanda mnene wa kroshia utapata pa kukaa. Kifungo kilicholala juu ya kitambaa hakiwezi kushika ukanda huu.

Kama jaketi lilikuja na vifungo vya kubonyeza, utashawishika kutafuta wenzao. Mafundi wa mabegi huwa navyo, lakini mara nyingi vipimo havilingani, na vikilingana, ukigongelea kwenye kroshia tupu vitachomoka na uzi. Shonea kwanza utepe wa kitambaa kigumu nyuma ya ukanda, ndipo fundi agongelee. Nusu ya zipu mimi naiacha ilivyo na kushona vifungo vyangu chini yake. Kupata nusu nyingine yenye meno yanayokubaliana nayo nimejaribu mara mbili, na mara zote niliishia kubandua na kushona zipu mpya nzima, kazi ya siku mbili kwa jambo ambalo vifungo saba vinalimaliza kwa saa moja.

Baada ya wiki mbili za kuvaa, ikague. Angalia vile vifungo viwili vya mbele na mshono wa juu. Fua kwa maji ya baridi au vuguvugu, kamua kwa kubonyeza ndani ya taulo, laza ikauke. Usiianike kwa kuining'iniza kwenye kamba, itarefuka. Uzi uliobaki, kama mita tano hivi, naukunja na kuutia kwenye mfuko wa ndani wa jaketi pamoja na kifungo kimoja cha akiba. Mwanangu sasa yuko sekondari, na ile kofia ya pili, niliyoifuma baada ya kufumua ya pamba, anaivaa mdogo wake kwenye jaketi lingine kabisa. Vifungo nimevihamisha kwa boksi lile lile.