Draivu ikitripu wakati mota inapunguza mwendo: kwa fundi anayeanza

Feni kubwa, sentrifuji au mzigo wa kreni unaoshuka huendelea kuisukuma mota hata baada ya draivu (kifaa cha kuongoza mwendo wa mota) kuamuru mwendo upungue. Hapo mota hugeuka jenereta. Kwenye draivu za kawaida, dayodi za upande wa kuingilia haziruhusu umeme huo urudi kwenye laini, basi hujazana kwenye kapasita. Kwa laini ya volti 400, DC ya ndani hukaa karibu volti 565. Ikikaribia 800 au kuzidi kidogo, draivu nyingi hutripu, yaani hujizima, ili zijilinde. Transista ya breki hutakiwa kuamka kabla ya hapo, mara nyingi kati ya 700 na 780, na kumwaga ziada kwenye rezista.

Kwa hiyo usikimbilie kubadilisha rezista. Uliza kwanza: inatripu lini? Ikiwa ni wakati wa kupunguza mwendo tu, ongeza muda wa kusimama, kwa mfano kutoka sekunde 5 hadi 15. Kama hitilafu inaondoka na kazi inavumilia, umemaliza. Ikitripu mota ikiwa imetulia kabisa, breki haina kosa. Pima volti za laini.

Pale penye rezista, angalia mipangilio miwili. Breki iwe imewashwa, na ule udhibiti wa volti unaorefusha muda wa kusimama wenyewe uzimwe. Ukiachwa, huishikilia DC chini ya kiwango cha kuamsha transista, na rezista hubaki baridi huku mashine ikichelewa kusimama. Hili huwachanganya wengi, kwa sababu hakuna kilichoharibika.

Sasa vipimo. Zima, funga swichi kwa kufuli, subiri muda ulioandikwa kwenye draivu (dakika 5 hadi 15 kwa kawaida), kisha pima DC kati ya + na − mpaka uone imeisha. Usiamini taa ya kioo kuzimika. Mita iwe ya kuhimili volti 1000 za DC.

Ng'oa nyaya za rezista, upime omu zake. Zikikaribiana na zilizoandikwa kwenye kibao, ni nzima. Mita isiposoma kitu, rezista imekatika. Pima pia kila ncha dhidi ya ardhi (waya wa ethi). Ukibadilisha, usishuke chini ya omu za chini kabisa ambazo draivu inaruhusu. Kwa volti 780, rezista ya omu 60 huvuta ampea 13, yaani takriban kilowati 10. Ya omu 30 huvuta 26, na transista iliyotengenezewa 15 itaungua. Omu zikizidi sana, ziada haiishi kwa wakati na hitilafu inarudi. Wati nazo zitoshe mizunguko ya kazi, si kusimama mara moja.

Kisha weka mita kwenye kipimo cha dayodi, rezista ikiwa bado imeng'olewa. Waya mwekundu kwenye −, mweusi kwenye tundu la breki: utarajie volti 0.3 hadi 0.6. Ukibadilisha waya, mita isionyeshe mkondo kupita. Ikisoma karibu sifuri pande zote mbili, transista imeshika shoti.

Tafadhali lichukulie hili kwa uzito. Transista iliyoshika shoti huiacha rezista kwenye DC muda wote, hata mota imesimama, na draivu haina njia ya kuikata. Rezista hugeuka jiko, na moto ukianza huanzia hapo. Ndiyo maana swichi ya joto ya rezista iunganishwe ikate kontakta kuu ya kuingilia. Kuiunganisha kwenye ingizo la kusimamisha draivu hakutoshi. Ukikuta rezista ya moto kwenye mashine iliyolala, kata umeme kwanza, sababu itafutwe baadaye.

Breki ya sumaku iliyo nyuma ya mota ni jambo jingine. Koili yake ilishwe kutoka laini tofauti. Ikiunganishwa kwenye waya za mota, volti hushuka pamoja na mwendo, breki haifunguki vizuri, bitana zinasuguka, na draivu inatripu kwa ampea kubwa wakati wa kuondoka.