Doho: kamera ikilowa, betri nje kwanza

Acha huo mchele nyumbani. Umeuliza ufike saa ngapi kupiga picha kwenye mifereji ya mpunga kule Doho, Butaleja, mashariki mwa Uganda, kisha ukamalizia kwamba una kilo mbili za mchele begini, za kukaushia kamera ikilowa. Hapo nimeshindwa kunyamaza. Ushauri huohuo nilipewa na muuza kamera aliyejiita fundi, ukaniulia kamera nzima, na bado nina hasira naye kwa kuongea kwa uhakika jambo asilolijua.

Mchele hauvuti maji yaliyoingia ndani ya kamera. Unamwaga vumbi la wanga tu, na vumbi hilo likikutana na unyevu linageuka uji kwenye vitufe na matundu ya waya. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba unakukalisha siku tatu ukingoja, huku kamera ikizidi kuliwa na kutu. Maji peke yake si adui mkubwa. Adui ni maji yakikutana na umeme. Mifereji ya Doho inapata maji ya Mto Manafwa, unaoshuka kutoka Mlima Elgon na tope jingi, na maji ya namna hiyo yana chumvi zinazopitisha umeme. Betri ya volti 7.2 ikiwa bado imo, shaba ya kwenye bodi ya umeme ya ndani inaanza kuota kutu ya kijani, hata kama umeizima kamera, kwa sababu swichi haikati umeme wote.

Kwa hiyo ikitumbukia: betri nje, papo hapo, kabla hujafuta hata tone. Usiiwashe "kuona kama inafanya kazi". Kujaribu huko ndiko kunakounguza bodi. Kisha toa kadi na lenzi, iinamishe mdomo ukitazama chini, ufute kwa kitambaa kikavu. Usiianike juani wala usiipulizie hewa ya moto: joto linalegeza gundi na kusukuma mvuke katikati ya vioo vya lenzi. Usiifungue mwenyewe pia. Kamera yenye flashi ya ndani ina kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, inayoweza kubaki na volti kama 300 hata betri ikiwa imetoka.

Kama ni matone tu, ifungie kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na pakiti za silika jeli, zile chembe za kufyonza unyevu, saa 48 hadi 72. Ile ya bluu ikigeuka waridi imeshiba, haifai tena mpaka uikaushe. Lakini kama ilizama kwenye tope, usingoje ikauke. Ipeleke kwa fundi wa kamera siku hiyohiyo aifungue na kuisafisha kwa spiriti ya isopropili, kwa maana tope likikaukia ndani chumvi zake zinabaki kwenye bodi.

Kuhusu muda, uwe kwenye tuta la mfereji kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua la huku linapanda karibu wima. Ikifika saa tatu mwanga umeshakuwa mkali. Mkanda wa kamera uvae shingoni kabla hujashuka kwenye boda, kwa kuwa tuta la udongo likilowa linateleza kama sabuni.

Na kabla hujaondoka mjini Mbale, geuza kamera uitazame kitakoni. Bamba la kushikizia kamera kwenye stendi likiwa limeziba mlango wa betri, lifungue na ulifunge upya upande mwingine, au uliache kabisa. Ukiwa mferejini hutapata muda wa kutafuta bisibisi.