Mivule yangu inavimba vichwa, niing'oe?

SWALI: Shikamoo Mama. Nimejenga hapa Shangani, Mtwara, kiwanja cha mita 30 kwa 40. Mvua za Desemba zilipoanza nilipanda mivule minne kandokando ya njia ya gari, mita 3 kutoka mche hadi mche. Kiwanja nilikisafisha chote, hata mikorosho miwili ya zamani niliing'oa. Sasa ncha zinaota vinundu vya kijani, vinapasuka, halafu kichwa kinanyauka na kuwa cheusi. Mche uliokuwa umenifika kiunoni umerudi magotini. Nimepuliza dawa mara tatu, wapi! Jirani anasema ardhi ya pwani haiutaki mvule, na tena ni mti wa mashetani, nipande mwashoki au mkrismasi. Nifanyeje? – Baba Rehema, Shangani.

JIBU: Marahaba, Baba Rehema. Usiing'oe. Kwanza chukua wembe, kata kinundu kimoja ambacho hakijapasuka, utazame ndani. Utakuta kidudu kidogo laini kimejikunyata kwenye unyevu. Wataalamu wanakiita Phytolyma. Mama yake hutaga mayai kwenye machipukizi, mtoto akianguliwa anajipenyeza ndani ya jani changa, na jani lenyewe linavimba na kumfunika. Ndiyo maana dawa yako haikumfikia: ulikuwa unapuliza ukuta wa nyumba yake. Baada ya wiki mbili tatu kinundu kinapasuka, mdudu anatoka na mbawa zake, na pale palipopasuka kuvu wanaingia. Huo weusi unaouona ni kuoza.

Ugonjwa huu naujua kwa maumivu. Mwaka wangu wa kwanza wa kitalu pale Mnazi Mmoja, Lindi, nilipanga viriba 40 vya mvule juani, vimenyooka kama askari, nikiona fahari. Vyote vilivimba. Iliyopona ni miche sita niliyokuwa nimeisahau nyuma ya jiko, chini ya mbaazi. Nilikaa chini nikaitazama ile sita, nikakumbuka Rondo nilikozaliwa. Kule mvule hauoti peke yake uwanjani. Huota kwenye kauwazi ka msitu, miti mingine imeuzunguka, unapata jua la vipande vipande mpaka upate nguvu ya kupanda juu. Wewe umeuanika juani ukiwa bado mchanga, uko peke yake, mdudu anauona kutoka mbali. Ile mikorosho uliyoing'oa ndiyo ingekuwa yaya wake, na imeniuma kusoma hivyo.

Fanya hivi. Kata kila ncha yenye kinundu, shuka mpaka kwenye kijiti kizima, ukusanye na uchome siku hiyohiyo. Ukivitupa pembeni, wadudu watatoka humohumo. Mvule una roho ngumu, utachipua. Yakichipuka machipukizi mengi bakiza moja lililonyooka. Kisha mvua zijazo zikianza panda mbaazi kuuzunguka, hatua moja kutoka shinani, na mgomba mmoja upande wa magharibi kuzuia jua la alasiri. Kivuli kiwe chepesi, usiuzike gizani, maana mvule unapenda mwanga. Mchanga wa Shangani haushiki maji, kwa hiyo weka samadi iliyooza na majani makavu juu yake.

Lakini si yote minne. Hapo naomba unisikilize sana. Mvule msituni unapita mita 40, na uwanjani, ukipata nafasi, unatanua kichwa kama mwavuli. Kiwanja chako kinatosha mmoja. Chagua ulio mzima zaidi, uhamishie kona iliyo mbali na nyumba, mbali na karo la choo na ukuta wa jirani. Mimi siupandi chini ya mita 15 kutoka kwenye msingi. Uhamishe mvua zikianza, na bonge lake la udongo. Mitatu mingine peleka shuleni au msikitini penye uwanja.

Usiuweke pia pale unapoegesha gari. Mivule iko ya kiume na ya kike, na mche haukuambii ni upi mpaka utoe maua, miaka mingi baadaye. Wa kike huzaa matunda laini, popo huyafuata usiku, na asubuhi chini kunakuwa na uchafu. Kiangazi hupukutisha majani kwa muda, ufagio uwe karibu.

Kuhusu ardhi ya pwani jirani amekosea: mvule ni mwenyeji wa pwani yetu, na unaota hadi Afrika Magharibi. Mkrismasi ndio mgeni kutoka Madagaska. Kuhusu mashetani sitamcheka. Bibi yangu akipita chini ya mvule wa matambiko alishusha sauti, na mimi nashusha mpaka leo. Heshima hiyo imeokoa mivule mingi isikatwe mbao. Ila ule ulioupanda na kuumwagilia mwenyewe ni mti wa nyumba yako, Rehema na acheze chini yake.

Shika jani la mche wako leo: lina meno pembeni na linakwaruza kidole. Hilo ni jani la utotoni, la mti mzima halina meno. Mti ukishapita paa, vinundu vichache havitausumbua. Hapo ng'oa mgomba.