Sindano tatu, kinga hakuna

SWALI: Shikamoo daktari. Nauza dagaa Ujiji, nasafishwa damu kwa mashine. Mimi na mke wangu tulichanjwa homa ya ini B pamoja, sindano tatu tatu. Yeye kinga ipo, mimi hakuna. Au nilidungwa maji?

JIBU: Marahaba. Si maji, bwana. Figo zikishindwa, uchafu unaobaki kwenye damu huzubaisha chembe za kinga. Kwa hiyo mgonjwa wa mashine hupewa dozi maradufu, maikrogramu 40 badala ya 20. Ulipewa ya mkeo! Rudia zote kwa dozi yako, kisha pima mwezi mmoja au miwili baada ya sindano ya mwisho. Kipimo cha kinga kisome kuanzia 10 (mIU/mL). Kama kuna ndugu wa kukupa figo, chanjwa kabla ya kupandikizwa: dawa za kulinda figo mpya huzidi kuififisha kinga.