Re: Nimehamia Dar, nahangaika na kanisa

Mdogo wangu, unasema kila Jumapili unasali kwingine, na usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) wa mtaani kwenu hujajiunga kwa kuwa vijana hawasikilizwi. Malalamiko yako yana ukweli, na yananiuma. Lakini mzee wa kanisa atamsikilizaje asiyemfahamu? Omba barua ya utambulisho kutoka usharika wa nyumbani, uipeleke ofisini. Kisha nenda jumuiya, kile kikundi kidogo cha washarika majirani wanaosali pamoja majumbani, hilo usiliache. Kule sebuleni kwa watu, kwenye mkeka na kitabu cha nyimbo cha kuchangia, ndiko utakakojulikana kwa jina, na ukiugua watabisha hodi. Kama kazi inakubana jioni, mweleze mwenyekiti wa jumuiya mapema.