Mwanangu, rangi iwache, ingia chini ya gari

Waalaykum salaam mwanangu, na marahaba. Meseji yako nimeisoma, nikairudia tena baada ya isha maana umeniandikia mambo mengi kwa mara moja. Unasema ile Land Rover fupi, Series III, uliyoinunua kubebea magunia ya mwani kutoka Jambiani kupeleka mjini, inachemka ukifika kwenye foleni ya Mwanakwerekwe, na fundi kakwambia injini imechoka, uitoe utie ya Toyota ya dizeli, alafu uipige rangi mpya, na pesa uliyonayo ndo inatosha injini na rangi basi. Unaniuliza umkubalie au vipi. Mimi nakwambia usimkubalie. Simsemi fundi vibaya, huenda injini anaijua vizuri kabisa, ila pesa hiyo ina pahala pengine pa kwenda kabla ya injini, na pahala penyewe hupaoni ukiwa umesimama, mpaka ulale chini.

Hebu nambie, kuna mtu yoyote ameingia chini ya hiyo gari na nyundo? Maana meseji yako nzima sijaona neno chesisi, yaani yale mafremu ya chuma ya chini yanayobeba gari nzima, hata mara moja, na gari inayokaa Jambiani ikabeba mwani mimi cha mwanzo kuuliza ni chesisi.

Skiliza nikwambie kwanini. Land Rover ilianza kutoka mwaka 1948, Uingereza imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao, ndo wakaitengeneza bodi kwa aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu ile nyekundu, kwahiyo unaikuta gari ya miaka na miaka mlango wake mzima, boneti nzima, mtu anaipiga kofi anasema chuma hichi hakifi. Kumbe alichokipiga si chuma. Chuma kiko chini: chesisi, ule ukuta wa mbele baina ya injini na miguu yako, na ile boriti ya nyuma iliyopita kwa chini ya mlango wa nyuma. Series III walizianza 1971 wakazimaliza 1985, sasa yako hata iwe ya mwisho mwisho ni gari ya makamo, na huko upande wa mashariki wa Unguja kusi, ule upepo wa kusini, likianza kuvuma mwezi wa tano linakuletea mvuke wa chumvi moja kwa moja kutoka baharini, linaingia kila tundu. Juu ya hilo unapakia magunia ya mwani yanadondosha maji ya chumvi nyuma, yanateremka wapi? Kwenye boriti hiyo hiyo. Alafu kila pahala aluminiamu imekutana na chuma na maji ya chumvi yakaingia kati, aluminiamu inaliwa, utaona unga mweupe kwenye maungio, huo unga ndo bodi yenyewe inayeyuka kidogo kidogo.

Chesisi yake ni ya boksi, mabati manne yamechomelewa likawa kama bomba la pembe nne, ndani mna uwazi. Tope na mchanga unaingia humo, ukirowa haukauki, kwahiyo inaoza kutokea ndani kuja nje. Wewe kwa nje unaona rangi nyeusi nzuri, mtu kapaka lami juu, ndani imebaki karatasi. Ndo maana nakwambia nyundo, ile ndogo ya kichwa cha duara, unagonga taratibu kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia, kinakurudishia nyundo. Kilichooza kinatoa sauti butu na nyundo inazama. Pahala pakutiliapo shaka chukua bisibisi usukume, ikipita ndo umeshapata jawabu na usisikitike, bora bisibisi kuliko kuja kukatika na watu ndani. Gonga zaidi boriti ya nyuma, gonga pale springi zinaposhikwa mbele na nyuma, gonga ile mikono inayotoka pembeni kwa chesisi kushika bodi, na nyanyua mpira wa chini miguuni kwako uangalie bati.

Lakini kabla hujaingia chini kuna kitu lazma ukijue na nataka ukisome mara mbili. Hendibreki ya Series haishiki magurudumu. Inashika propela shafti, ule mti wa chuma unaozunguka kupeleka nguvu nyuma, ngoma yake iko nyuma ya giaboksi. Sasa ukinyanyua gurudumu moja la nyuma na jeki, difu, zile gia za katikati ya eksili, inaruhusu lile lililo juu lizunguke huku na lililo chini lizunguke kule, hendibreki umeivuta mpaka mwisho na gari inateremka kwenye jeki ikiwa wewe uko chini. Kwahiyo tia magogo mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, tia stendi za chuma, usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake wala usiweke matofali ya saruji, yale yanapasuka ghafla bila ya kukupa taarifa. Kazi hii ifanyie kwenye sakafu ngumu, sio mchangani. Na asiwepo mtoto karibu.

Ukipata pameoza, usikubali kiraka juu ya kutu. Wanafanya sana hivyo, wanachukua bati jembamba wanachomelea juu ya lililooza, wanapaka lami, unalipa, masika yakipita kiraka kinaning'inia. Kinachotakiwa ni kukata mpaka ufike kwenye chuma kizima kinachong'aa, alafu bati la milimita 2 au zaidi kidogo, lichomelewe mzunguko mzima sio nukta nukta. Boriti ya nyuma ikiwa imeoza sana ni bora ikatwe yote iundwe mpya, ni kazi ya kawaida kabisa kwa mchomeleaji mzuri. Kabla ya kuchomelea toa waya za betri, na tangi la petroli litoke kwenye gari kabisa maana kwenye gari fupi liko chini ya kiti cha mbele, karibu na moto. Mchomeleaji akikwambia "aa hamna neno tutafunika na tambara bichi" chukua ufunguo wako uondoke.

Baada ya hapo brashi ya waya, redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mikono miwili, rangi ya chesisi, na ndani ya boksi upulizie oili iliyochanganywa na grisi laini kupitia matundu yake. Yale matundu ya chini usiyazibe jamani, yamewekwa makusudi maji yatoke, yazibue na waya kila baada ya muda. Mwani ukipakia tandika turubali zito lenye kingo zilizonyanyuliwa, na ukirudi jioni mwagia maji baridi chini ya gari, sio juu, chini. Maji ya kisima yenye chumvi hayasaidii kitu, tumia ya mvua au ya bomba.

Cha pili ni breki. Hiyo gari ni ngoma magurudumu yote manne, na nyingi za zama hizo zina laini moja tu ya mafuta, yaani paipu moja ikipasuka pahala popote pedali inazama yote, huna mbele huna nyuma. Na paipu zenyewe ni za chuma, zinapita hukohuko chini kwenye chumvi. Pitisha kidole paipu nzima, ukikuta imevimba au ina magamba badilisha zote kwa mara moja, usinunue moja moja. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani na hewa yetu unaijua, kwahiyo kila mwaka yamwage utie mapya, na asije mtu akakutilia oili ya injini kwa kukosa mafuta ya breki, mipira yote itavimba. Kutoa upepo kwenye paipu za breki anza na gurudumu la mbali na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, kwako ni la nyuma kushoto, umalize na la mbele kulia. Alafu kaza skrubu za kurekebishia mpaka gurudumu ligome, uirudishe kidogo mpaka lizunguke kwa uhuru. Pedali itakuja juu na utaona gari ingine kabisa.

Ukitizama magurudumu ya mbele utaona yale mapira ya chuma yanayong'aa, yakishikwa na chumvi yanakuwa na vidonda na vidonda vinachana sili, ule mpira wa kuzuia oili, na oili nzito ya gia ya EP90 inamwagika yote. Hilo si la kulipia leo, wewe jaza oili tu na uangalie kila wiki, sili na mapira tutanunua baadae.

Sasa injini, maana najua ndo inayokuuma. Kuchemka kwenye foleni peke yake hakusemi injini imekufa. Maji gani unatia kwenye rejeta? Kama ni ya kisima cha hapo Jambiani, yale yamekaa kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, yanapika kwenye rejeta kama yanavopika ndani ya birika lako na njia zote zinaziba. Toa rejeta, igeuze, pitisha maji kwa kinyume mpaka yatoke safi, isipofaa ipelekwe ifunguliwe. Kuanzia hapo maji ya mvua na kulanti, ile dawa ya rejeta. Tizama mkanda wa feni, tizama kama kuna mtu alitoa thamostati, kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, wengi wanaitoa wakidhani wanasaidia, injini ikawa haifiki joto lake inakula petroli na inalika, kwahiyo irudishiwe.

Alafu taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa moto. Pointi, vile vidude vya kukata umeme ndani ya distribyuta, zikilika moto unachelewa na injini inapata joto bure. Uwazi wa pointi milimita 0.35 mpaka 0.40, plagi 0.75, mpangilio wa moto 1-3-4-2. Tapeti zote nane, zile za kufungua valvu, uwazi wake ni milimita 0.25, na njia rahisi ni hesabu ya tisa: ile ya nane ikiwa imebonyezwa mpaka mwisho rekebisha ya kwanza, ya saba ikibonyezwa rekebisha ya pili, unakwenda hivyo hivyo jumla iwe tisa mpaka umalize. Fila gaji, vile vibati vya kupimia uwazi, bei yake ndogo, nunua yako mwenyewe usiazime. Kazi hii unaiweza, mikono yako ni mizuri kwa vitu vidogo tangu udogoni.

Ukishafanya hayo ndo ipimwe kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, silinda moja moja. Zikikaribiana zote nne, injini hiyo ina maisha, na nakwambia petroli ile ya lita 2.25 ni injini pole, haina haraka lakini inavumilia. Ukitia dizeli kubwa ya Toyota nguvu zinazidi, na hafu shafti za nyuma za gari fupi, vile vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu, hazina ubavu huo, zitakatika moja baada ya moja, na injini nzito mbele inakaa juu ya chesisi gani? Ile ile ambayo hatujaigonga.

Na kitu kimoja tu cha kuendesha, ile nobu ya njano ya kuvutisha magurudumu yote manne usiibonyeze kwenye lami, Series haina difu ya katikati, mbele na nyuma vinavutana na kitu kinavunjika. Iweke kwa mchanga na tope.

Basi fanya hivi. Ijumaa ukipata nafasi gonga chesisi, kila panapozama piga duara na chaki, unitumie picha kwa karibu, boriti ya nyuma, pande zote mbili, na moja ya paipu za breki. Fundi mwambie asubiri, mwambie kwa adabu, tutamuhitaji baadae. Nikishaona picha ntakwambia bati kiasi gani ununue, na mimi karafuu zikishaanikwa ntapanda meli Mkoani nije na spana zangu, inshaallah, maana za inchi huko mnahangaika nazo na gari hiyo nati zake nyingi ni za inchi. Msalimie shangazi yako, mwambie ile dawa ya goti nimeipata.

Baba yako, Wete, Pemba