Usinunue sili kabla hujaviringisha shafti

Mkuu, hiyo elfu sitini ya sili, vile vipira vya kuzuia oili isivuje, usiitume. Na kama umeshaituma, mpigie huyo fundi sasa hivi umwambie asiende dukani.

Nimesoma swali lako mara mbili. Trekta lina loda, ile mikono ya mbele yenye kijiko cha kupakilia, jeki ya oili ya kubinua kijiko upande wa kulia inavuja shingoni, pale shafti inapotokea, fundi alibadilisha sili mwezi wa tatu, sasa inavuja tena, na yeye anasema "zile zilikuwa feki, safari hii tuweke orijino". Unauliza sili gani zinadumu, oili namba ngapi, kama jeki inafunguliwa bila kuishusha, na kama ni sawa kununua jeki nzima ya mtumba. Hapo kwenye "tuweke orijino" ndipo nilipoacha chai ikapoa. Ni maneno yaleyale, mkuu. Mimi niliambiwa Dakawa, Morogoro, 2021, nikaitikia kama mtoto wa chekechea.

Sili haifi mara mbili ndani ya miezi michache yenyewe tu. Inauawa. Na wa kwanza kumshuku ni hiyo shafti, kile chuma kirefu chenye ngozi ya kromu kinachoingia na kutoka kwenye jeki. Ikipinda kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, kila ikipita shingoni inaegemea upande mmoja. Sili inasagwa upande huo, bushi ya shingoni, ile ringi inayoiongoza shafti, inalika inakuwa kama yai, halafu oili inapata njia. Unaweka sili mpya, inakaa wiki mbili tatu inakung'alia, mambo yanarudi palepale.

Trekta langu ni Massey Ferguson 290 la mtumba, loda lake lina pampu yake mbele. Lilikuwa linapakia mchanga na samadi. Dereva wangu, kijana mzuri tu, siku moja alikuwa anasawazisha uwanja kwa kurudi nyuma huku kijiko kimebinuliwa hadi mwisho. Mkao huo shafti zote mbili zimetoka nje kabisa, hazina pa kujishikia. Akakikwaza kijiko kwenye kisiki cha mwembe. Hakuniambia. Nilikuja kuambiwa na mpika chai baada ya miezi sita, na wakati huo nilikuwa nimeshalia vya kutosha.

Fundi wa kwanza: "Sili zimezeeka." Nikanunua. Elfu hamsini na tano, na ufundi elfu arobaini. Ikavuja.

Fundi yuleyule: "Ulinunua za hovyo." Nikanunua nyingine. Ikavuja.

Muuza spea, na huyu ndiye ninayemkumbuka usiku nikikosa usingizi, akatoa kipakiti chini ya kaunta kama anatoa dawa ya siri. "Hizi kaka, ukifunga hizi utanisahau." Sijamsahau. Zikavuja siku ya kumi na moja. Hakuna hata mmoja wao aliyeomba kuiona shafti yenyewe. Kila mtu alikuwa anaangalia kipira cha elfu hamsini, wakati chuma kinachokila kimelala mezani pembeni, kinang'aa.

Msinicheke. Mimi ni mkulima wa mpunga, nilijua jeki ni kama bomba la baiskeli. Mke wangu alifikia kuiita hiyo jeki mke mwenzake, maana kila mwisho wa mwezi nilikuwa naipelekea matumizi.

Na kwenye ile mara ya tatu ushahidi ulikuwa kiganjani mwangu. Fundi alipozitoa sili aliniwekea moja mkononi. Upande mmoja ilikuwa nene, mdomo wake mkali bado, kama imetoka kwenye pakiti jana. Upande wa pili imelika hadi imekuwa nyembamba kama kipande cha kucha. Nikaigeuza geuza, nikasema "kweli hizi ni feki", nikaitupa. Aisee. Kama ingekuwa feki si ingelika pande zote?

Sasa sikiliza lililonimaliza. Kuna mtu hatimaye akasema shafti imepinda. Nikafurahi! Akasema ana presi, mashine ya kukandamiza chuma, anainyoosha kwa elfu thelathini. Wapo walionyoosha zikakubali, sibishi. Yangu ilinyooka kiasi, lakini kromu ni ngumu na haipendi kukunjwa. Ikapasuka nyufa nyembamba kama za chungu cha zamani. Tukafunga. Baada ya mwezi zile nyufa zikaanza kubanduka magamba, magamba yakaingia kwenye oili, oili ikarudi kwenye tangi, na filta yangu (hapa naona aibu) sikuwahi kuibadilisha tangu ninunue trekta. Pampu ikaanza kuunguruma kama mtu mwenye mafua. Siku tatu baadaye kijiko hakinyanyui hata debe la maji.

Hesabu yake hii hapa: sili mara tatu 165,000. Ufundi mara tatu 120,000. Presi 30,000. Pampu 1,450,000. Oili ndoo mbili za lita 20, 340,000, maana ile ya zamani yote ilimwagwa. Na mwisho wa yote nikachongesha shafti mpya Gerezani, Dar, kwa 420,000. Jumla 2,525,000. Ningeanza na shafti, ningelipa hiyo 420,000, sili seti moja na ufundi wa mara moja, 515,000 nikalala.

Yule mzee wa Gerezani hakuniuliza habari za sili. Aliichukua shafti, akailaza kwenye meza ya chuma, akaisukuma kwa kidole kimoja. Ikawa inatembea kama mbuzi mwenye kidonda cha kwato. Akaniangalia tu. Sekunde nne, mkuu. Mwaka mzima wangu ulikuwa ndani ya zile sekunde nne.

Kwa hiyo fungua jeki, toa shafti, ifute ikauke. Tafuta kioo cha dirisha kinene au meza ya chuma iliyonyooka. Lile jicho la mwishoni liache lining'inie nje ya ukingo, na pistoni, kile kichwa cha shafti kinachokaa ndani ya jeki, ivuliwe au nayo iwe nje, la sivyo haitalala. Weka tochi nyuma, viringisha polepole. Mwanga ukiwa unafunguka na kufunga chini yake, imepinda, usijidanganye. Halafu pitisha kucha kwa urefu wote. Pale kucha inapokwama, na sili itachanika hapohapo. Na pini na bushi za kwenye mikono ya loda zitikise, zikicheza sana nazo zinaivuta jeki upande.

Halafu umeandika kwamba umepapasa kwa kidole ukasikia oili inatokea wapi. Usirudie! Tumia kipande cha boksi. Oili ya presha ikitokea kwenye tundu dogo inapenya ngozi kama sindano, na hata kikionekana ni kidoa tu unakwenda hospitali siku hiyohiyo, husubiri kivimbe. Na kabla hujalegeza mpira wowote wa kupitishia oili, kijiko kiwe kimelala chini, injini imezimwa, na uzichezeshe lever zake, ile mikono ya kuendeshea loda, presha iishe.

Jeki ya mtumba: chukua ukipenda, ila uiviringishe shafti yake mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela. Akikataa kuifungua, mwachie jeki yake.

Oili mimi natumia namba 68. Hayo mengine uliyouliza nimeyasahau, na siyarudii kuyasoma mpaka uweke hapa picha ya shafti iko juu ya kioo.

Ile yangu iliyopinda niliigeuza komeo la banda la kuku. Mpaka leo ukiisukuma inakwama katikati.